Mzigo Ulibebwa na Nani? Mtoto, Tembo na Njia za Nchi Yetu



Katika likizo iliyopita tuliwaonyesha vijana wa parokia filamu ya zamani iitwayo Elephant Boy. Ilitolewa mwaka 1937, ikaongozwa na Robert Flaherty na Zoltan Korda, nayo imetokana na hadithi ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Ni filamu isiyo na rangi, na sauti yake si safi. Tulidhani vijana wetu, waliozoea picha za simu, wangechoka upesi. Haikuwa hivyo. Walikaa kimya hadi mwisho.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleweka. Toomai ni mtoto wa Kihindi ambaye babu na baba yake wamekuwa waendesha tembo. Tembo wa ukoo anaitwa Kala Nag. Mtoto na mnyama wamekua pamoja, wanaelewana kwa sauti na kwa mguso. Baba anauawa na chui-milia, tembo anashikwa na uchungu wa kufiwa, naye mwendeshaji mpya anamtendea kwa ukatili. Ndipo Toomai anapotoroka naye kwenda msituni kumwokoa. Mtoto aliyeigiza, Sabu, hakuwa amesomea uigizaji. Alizaliwa mwaka 1924 katika nchi ya Mysore, baba yake alikuwa mwendesha tembo, na alipofiwa alikulia karibu na mazizi ya tembo ya mtawala wa huko. Upendo tunaouona katika filamu hiyo una mizizi katika maisha yake.

Taa zilipowashwa, tuliuliza swali letu la kawaida: mmejifunza nini? Msichana mmoja wa darasa la kipaimara akasimama, akauliza badala ya kujibu: «Kwetu huku hapakuwa na tembo wa kazi. Basi, nani alikuwa akibeba mizigo?»

Hatukuwa na jibu tayari. Tulikwenda kutafuta, na tunayoandika hapa ndiyo tuliyokusanya. Tunawaandikia kwa kuwa historia hii ilipita katika ardhi mnayoikanyaga kila siku, na kwa kuwa bado haijakwisha.

Njia iliyopita katika nchi ya Waluba

Wafanyabiashara wa pwani waliiita nchi ya Waluba kwa jina la Urua. Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, Verney Lovett Cameron, alifika Kilemba, makao ya mfalme Kasongo Kalombo. Alikuwa akivuka Afrika kutoka mashariki kwenda magharibi. Huko Kilemba alimkuta mfanyabiashara wa mashariki, Juma Merikani, aliyempokea vizuri, na pia mfanyabiashara wa watumwa aliyetoka upande wa Angola, aitwaye José Antonio Alvez. Njia ya kwenda magharibi ilikuwa ndefu na ya hatari. Cameron akalazimika kungoja miezi mingi na kuondoka pamoja na msafara wa Alvez.

Hivyo aliona kwa macho yake mambo ambayo wengine waliyasikia tu. Aliandika kwamba siku moja mwenzake Alvez, aitwaye Coimbra, alifika na wanawake 52 waliofungwa kamba kwa makundi. Baadhi yao walibeba watoto mikononi, wengine walikuwa na mimba, na wote walitwishwa vitu vilivyoporwa katika vijiji vyao wenyewe. Kwa hesabu ya Cameron, vijiji kumi viliharibiwa ili kuwapata wale 52.

Tuitazame kwa utulivu picha hiyo. Mama anabeba mali aliyoporwa, na mtoto wake juu ya mali hiyo. Anaipeleka mali pwani, na akifika pwani naye anauzwa. Katika biashara hiyo mtu alikuwa bidhaa, na njiani alikuwa pia mnyama wa kubebea bidhaa nyingine. Mnyama wa kweli hakuhitajika. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa swali la msichana wetu, na lilitokea kwa mababu wa nchi hii.

Mbung'o na bega la mwanadamu

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakutumia ng'ombe, farasi au punda, kama mataifa mengine. Sababu mojawapo kubwa ni mdudu mdogo: mbung'o, tunayemwita tsetse. Anapouma, huweza kuingiza katika damu ya mnyama vijidudu vya ugonjwa wa nagana. Ng'ombe hukonda, farasi hufa. Katika sehemu kubwa za bonde la Kongo na Afrika ya kati, misafara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe haikuwezekana. Basi kila kitu kilichosafiri, iwe chumvi, shaba, pembe za ndovu au nguo, kilisafiri juu ya kichwa au begani mwa mtu.

Wapo waliotembea kwa hiari na kwa ujira. Wanyamwezi wa upande wa Tabora walijulikana kwa kazi ya upagazi, na kijana wao aliyefika pwani na kurudi aliheshimiwa kwao. Hatusemi, basi, kwamba kubeba mzigo ni aibu. Tunalopima hapa ni kama mbebaji ana jina, malipo, pumziko na ruhusa ya kurudi nyumbani.

Tembo wanne wa Msasani

Mwezi wa Septemba 1876, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita wasafiri na wataalamu wa jiografia huko Brussels. Cameron alikuwa mmojawapo. Ilianzishwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, na ikatangazwa kwamba nia yake ni kufungua njia, kujenga vituo na kukomesha biashara ya watumwa. Kati ya mipango yake ulikuwamo huu: kama wanyama wengine wanashindwa na Afrika, kwa nini tusijaribu tembo wa India, ndugu za huyo Kala Nag wa filamu?

Katikati ya mwaka 1879 tembo wanne kutoka Bombay waliteremshwa baharini katika ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, wakaogelea hadi ufukweni. Pamoja nao walikuja waendeshaji wao wa Kihindi. Kiongozi wa msafara alikuwa Frederick Carter, mtu wa Ireland. Walikusudia kufika Ziwa Tanganyika, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wanavijiji njiani walishangaa kuona mnyama waliyemjua kuwa wa porini akitii sauti ya mtu.

Tembo mmoja alikufa Mpwapwa. Wengine wawili walikufa mbele ya safari. Mwezi wa Desemba 1879 ni mmoja tu, jike aitwaye Pulmalla, aliyefika Karema, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Waliochunguza habari za safari ile wametaja zaidi mizigo mizito kupita kiasi na chakula kisichotosha kuliko kuumwa na mbung'o. Carter mwenyewe aliuawa huko Pimbwe mwaka 1880 alipokuwa akirudi pwani, akiwa amenaswa katika vita vya wakati huo.

Tukisoma habari hii tunaona jambo la kutufundisha. Waliopanga safari walihesabu tembo anaweza kubeba kiasi gani. Hawakuhesabu vya kutosha anahitaji nini ili aishi. Kosa hilohilo lilifanywa baadaye juu ya watu, kwa ukubwa wa kutisha. Jumuiya iliyodai kuwapunguzia watu mzigo ilimfungulia njia yule yule mfalme kuunda Dola Huru ya Kongo mwaka 1885. Kabla ya reli ya Matadi hadi Léopoldville kumalizika mwaka 1898, bidhaa za dola hiyo zilipanda na kushuka karibu kilomita 400 vichwani mwa wapagazi, na wengi wao walishurutishwa. Kutangaza nia njema hakukumtua mpagazi mzigo wake hata siku moja.

Mtoto aliyefika Karema

Karema haikubaki ngome tupu. Mwaka 1885 Jumuiya ya Kimataifa iliwakabidhi Mapadre Weupe vituo vyake viwili vya ziwani, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wetu wa magharibi. Mpala ni mojawapo ya misheni za kale kabisa katika nchi ya Katanga ya zamani. Waumini wengi wa mkoa jirani wa Tanganyika wanahesabu imani yao tangu hapo.

Mwaka 1889 alifika Karema kijana mmoja aitwaye Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, kando ya mto Niger. Akiwa mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na mali nyingine, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha huko Algeria alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Baadaye walimpeleka Malta asomee uganga wa kisasa. Angeweza kukaa Ulaya. Alichagua kuja kwenye Ziwa Tanganyika akiwa katekista na mganga, akawatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa, na mwanawe akawa padre.

Wapendwa, mahali palepale alipofika tembo wa mwisho, akiwa amechoka kwa mizigo ya wengine, ndipo alipofika miaka kumi baadaye mtu ambaye utotoni alihesabiwa kuwa mali. Hakuna aliyepanga mambo hayo yakutane. Lakini sisi makatekista tunaona hapo katekesi kamili. Mtoto aliyetazamwa kama shehena alikuwa na daktari ndani yake, na katekista, na baba wa padre. Aliyemwiba hakuweza kuyaona hayo, kwa sababu alitafuta bei tu. Kila mtoto mnayemwona leo akisukuma mzigo barabarani, yamo ndani yake mambo ambayo hatujayaona.

Tembo wa Uele

Msichana wetu alisema kwetu hapakuwa na tembo wa kazi. Kwa Kamina ni kweli, lakini kwa Kongo nzima sivyo. Kaskazini, katika nchi ya Uele, jaribio lilirudiwa kwa tembo wa Afrika wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 mfalme alimtuma afisa Jules Laplume kukamata na kufuga tembo wadogo. Kituo cha Api kikakua, kisha kikaanzishwa kile cha Gangala-na-Bodio, karibu na mahali ambapo Hifadhi ya Garamba iliundwa mwaka 1938. Waendeshaji kutoka Asia walikuja kufundisha, na vijana wa Kiazande wakawa mabingwa wa kazi hiyo. Tembo walikokota magari na miti, walilima mashamba. Watu wengi duniani walikuwa wameamini kwamba tembo wa Afrika hawezi kufugwa; Waazande walionyesha kwamba anaweza, akiwa na mtu mvumilivu.

Hata hivyo, tusisahau bei yake. Ili kumpata tembo mdogo ilibidi atenganishwe na mama yake. Mdogo huyo alilia usiku, naye mchungaji wake alikaa kando yake akimwimbia mpaka akubali kula. Tunashangaa tukiona jambo hili: mtu aliyejua vizuri uchungu wa kushurutishwa kazi alipewa kumfariji mnyama anayeshurutishwa kazi. Baada ya uhuru, na hasa katika machafuko ya miaka ya 1960, kazi ya vituo hivyo ilidhoofika.

Reli na vita

Hapa Kamina mabadiliko yaliletwa na chuma. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ikipita Kamina. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kabalo. Mji wetu ukawa njia panda. Babu zetu wengi walikuja kwa kazi ya reli, na mluzi wa treni ndio uliowapimia saa.

Lakini kabla ya reli kuenea, vita ya kwanza ya dunia ilidai mabega tena. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji liliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi zaidi ya 200,000 walioandikishwa wakati wa vita hiyo, wakibeba risasi, unga na wagonjwa. Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyohiyo. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao cha wachukuzi. Askari walipewa medali. Wachukuzi waliokufa njiani wengi hawana hata kaburi lenye jina. Tunapoadhimisha Misa ya marehemu wote mwezi wa Novemba, tungefanya vizuri kuwakumbuka.

Neno la Mungu linasema nini

Maandiko Matakatifu hayakuwasahau wanyama wa kazi. Sheria ya Musa inakataza kuziba kinywa cha ng'ombe anayekanyaga nafaka, maana naye ana haki ya kula katika kazi yake. Punda wa Balaamu anapigwa bila kosa, na malaika wa Bwana anamkemea mpigaji. Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima.

Lakini andiko tunaloomba mlisome kwa makini ni Kutoka 23, 12. Amri ya kupumzika siku ya saba inataja sababu zake: ng'ombe na punda wapumzike, na mtoto wa mjakazi pamoja na mgeni wapate kuburudika. Mungu anamtaja mnyama wa kazi na mtoto wa mtumwa katika sentensi moja. Anajua kwamba anayemchosha punda bila huruma atamchosha pia mtoto asiye na wa kumtetea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha vivyo hivyo: wanyama ni viumbe vya Mungu, twaweza kuwatumia kwa kazi, ila kuwatesa bure ni kinyume cha heshima yetu wenyewe. Naye Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alionya kwamba watoto wasitiwe viwandani kabla mwili na akili havijakomaa.

Na sisi leo

Sasa turudi Kamina. Mnajua barabara zinazoingia mjini alfajiri. Baiskeli zinasukumwa, zimepakiwa magunia ya makaa hadi hazionekani. Watu husema kwa utani kwamba baiskeli ndiyo punda wa kwetu. Lakini punda hutembea mwenyewe. Baiskeli husukumwa na mtu, na mara nyingine mtu huyo ana miaka 13. Mmoja wao alikuwa katika darasa letu la kipaimara. Aliacha kuja mwezi wa Februari. Tulidhani amepoa katika imani, tukamfuta katika daftari. Baadaye tulimkuta mlimani, kifua kimeegemea gunia, akisukuma. Alituamkia kwa heshima zote, nasi tukaona aibu.

Aibu yetu ina sababu nyingine. Sisi walimu na makatekista tumewahi kuwapanga watoto wa katekesi kubeba mchanga na matofali ya kanisa, bila kuuliza uzito, bila kuuliza kama wamekula. Tuliita hiyo sadaka. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulikuwa tunatazama usufi.

Hatusemi mtoto asifanye kazi. Kuchota maji, kumsaidia mama shambani, kuchunga mbuzi, ni shule ya maisha, na Yesu mwenyewe alijifunza kazi ya mikono nyumbani kwa Yosefu. Tunapima hivi: kazi hiyo inamkuza, au inamla? Anapumzika siku ya Bwana? Anaingia darasani? Kuna mtu anayemwita kwa jina lake na kuona akikosekana? Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haitembei yenyewe hadi mlimani. Inatumwa na watu.

Yule kijana amerudi, si kila Jumapili. Vijana wawili wa kikundi chake wanamsaidia kusukuma siku ya Jumamosi ili Jumapili awe huru, na mama yake anafikiriwa na jumuiya yao ndogo. Masomo bado hatujayapatia njia. Tunayasema haya ili msidhani tumemaliza.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: nani katika ukoo wetu alikuwa mpagazi, au mfanyakazi wa reli? Aliitwa nani? Leteni majina hayo kwa ajili ya Misa ya marehemu.

2. Ni mtoto gani wa rika lenu aliyeacha kuja kikundini? Nani kati yenu atakwenda kumwona kabla ya Jumapili ijayo?

3. Katika kazi za parokia yetu, ni mzigo gani unaobebwa na walio wadogo kwa sababu tu hawawezi kukataa?

Tuombe. Ee Bwana, uliyechukua msalaba begani mwako na kukubali Simoni wa Kirene akusaidie, utufungue macho tuone nani anabeba mzigo kando yetu. Uwapumzishe waliokufa njiani bila majina. Utupe mikono ya kusaidia kusukuma. Amina.